Majina Yasiyo na Baba: Je, Tuzifungue Daftari za Watumwa?



Ndugu zangu, katika Surat Al-Ahzab, aya ya 5, Allah (s.w.) anatuamuru tuwaite watu kwa nasaba ya baba zao, na kama baba zao hawajulikani, basi hao ni ndugu zetu katika dini. Darasani aya hii tunaisoma kwenye mlango wa kulea mtoto wa mwenzio: unaweza kumlea, kumlisha na kumsomesha, lakini jina la baba yake haliguswi. Hukumu hiyo ni sahihi, ila tunampita haraka mtu ambaye aya ilishuka kwa ajili yake. Zayd bin Haritha (r.a.) alitekwa akiwa mtoto, akauzwa katika soko la Ukadh, akanunuliwa kwa ajili ya Bi Khadija (r.a.), naye akampa Mtume (s.a.w.) aliyemwacha huru. Watu wakawa wanamwita Zayd bin Muhammad. Aya iliposhuka, yule aliyeuzwa akarudishiwa baba yake. Na katika masahaba wote, jina lake peke yake ndilo lililotajwa ndani ya Qur'ani, katika sura hiyohiyo, aya ya 37.

Nimeikumbuka aya hii mara nyingi mwaka huu, kwa sababu vitabu na nakala za nyaraka ninazozisoma kwa ajili ya utafiti wangu wa mwisho zimejaa majina yasiyo na baba. Mabruki. Feruzi. Almasi. Baraka. Zafarani. Ni majina ya vito, ya manukato na ya bahati njema, aina ya majina ambayo mtu hukipa kitu alichokinunua na kukipenda. Palipohitajika kumtofautisha Mabruki mmoja na mwingine, mara nyingi aliandikwa Mabruki wa fulani, na huyo fulani si baba yake bali ni bwana wake.

Swali langu ni hili: je, ni wajibu wetu kuwatafuta watu hawa mmoja mmoja katika karatasi zilizobaki, au ni heri tuziache zilale? Nimesikia jibu la pili likitolewa na watu ninaowaheshimu, kwa hoja zinazostahili kujibiwa. Lakini kwanza tujue karatasi zenyewe ni zipi.

Watu hudhani kwamba watumwa wa Afrika Mashariki hawakuacha maandishi. Ni kweli kwamba wachache waliandika kwa mikono yao, lakini waliandikwa sana. Mwaka 1860 Rigby, balozi wa Uingereza huko Unguja, alianza kuwaacha huru watumwa waliomilikiwa na Wahindi waliokuwa chini ya himaya ya Kiingereza, na daftari lake limehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar: jina, kabila, mmiliki. Mnyasa, Myao, Mngindo, Mzaramo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwezi Juni 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash. Amri ya tarehe 6 Aprili 1897 ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake, na serikali ikamlipa fidia bwana. Naam, bwana ndiye aliyelipwa. Kwa sababu hiyo majina yaliandikwa, maana palipo na fedha pana daftari. Masuria hawakuguswa na amri hiyo mpaka mwaka 1909. Ng'ambo ya pili, Wajerumani walitoa vyeti vya uhuru katika koloni lao bila kuufuta utumwa wenyewe. Walichoamuru mwaka 1904 ni kwamba watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Uliobaki ulifutwa kwa sheria ya Waingereza mwaka 1922. Hiyo ni juzi tu. Bibi wa bibi yangu alikuwa hai.

Pamoja na hizo za serikali ziko karatasi zetu wenyewe: hati za makadhi, wasia, mirathi, nyaraka za wakfu ambamo tajiri anaiwekea wakfu nyumba au shamba kwa ajili ya watu aliowaacha huru na vizazi vyao. Ziko pia shajara za wamisionari. Mapadre Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, wakawa wanakomboa watoto kwa kuwanunua na kuandika habari zao.

Na sisi wa bara tusijitoe. Kuna mazoea ya kuyazungumza mambo haya kama habari za Unguja, za Waarabu na mikarafuu yao. Lakini Kiswahili cha mashariki ya Kongo kiliitwa Kingwana kwa sababu ya Waungwana, wapagazi na askari wa misafara ambao wengi wao walikuwa watumwa au walioachwa huru, na ambao bara walijiita kwa jina lililokuwa la watu huru wa pwani. Mimi nimezaliwa Buyenzi, Bujumbura. Kwetu mtu akiulizwa asili husema, "Sisi Wamanyema, tulitoka Kasongo." Tulitokaje? Nani alimchukua nani, na kwa bei gani? Hapo mazungumzo huhamia kwenye chai.

Sasa nije kwenye namna ya kuzisoma, kwani hapa ndipo mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu ana kitu mkononi ambacho wenzetu wa idara ya historia wangekionea wivu. Tumefundishwa kwamba habari haipokelewi mpaka tumjue aliyeileta: alikuwa wapi, alimsikia nani, ana maslahi gani. Elimu ya wapokezi ilijengwa na watu waliojali hata jina la mtumwa aliyeachwa huru. Nafi', aliyepokea kwa Ibn Umar, alikuwa huria wake. Ikrima alikuwa huria wa Ibn Abbas. Wanazuoni hawakuona haya kuandika hivyo mbele ya kila mtu, wala elimu ya watu hao haikupungua.

Chukua kisa cha Swema. Ni msichana wa Kiyao ambaye habari zake ziliandikwa na mapadre wa Kifaransa huko Unguja katika miaka ya 1860, na baadaye mwanahistoria Edward Alpers akazichambua. Mama yake alikuwa mjane mwenye deni, na deni lilipomshinda, mtoto akachukuliwa kuwa malipo. Mama akauomba msafara umchukue naye, asitengane na mwanawe. Alitembea nao mpaka nguvu zikamwishia, akaachwa njiani. Swema alifika Unguja akiwa hoi kiasi kwamba alidhaniwa amekufa, akatupwa makaburini, na huko akaokotwa akapelekwa kwa watawa.

Mwislamu anayekisoma kisa hiki huwa na jambo moja mdomoni kabla hajafika mwisho: hiki kimeandikwa na makasisi. Ni kweli. Kilichapishwa ili Wakristo wa Ulaya waguswe na watoe sadaka, na lugha ya toba na msamaha iliyomo ina harufu ya kanisa. Lakini Surat Al-Hujurat inatuamuru kuihakiki habari ya fasiki, haikutuambia tuitupe. Na wanazuoni wa hadithi walikubali riwaya ya mtu wa bid'a anayejulikana kwa ukweli, wakajihadhari pale habari inapoitia nguvu bid'a yake. Tukitumia mizani hiyo, maombi na mahubiri yaliyomo katika kisa cha Swema tutayawekea alama ya shaka. Lakini deni la mama? Ombi la mama kwenda utumwani kwa hiari ili awe karibu na mtoto wake? Hayo hayaihubiri dini yoyote. Na yanaafikiana na yale tunayoyajua kutoka kwingine: njaa na deni viliwafikisha watu sokoni kama bunduki ilivyowafikisha.

Mizani hiyohiyo iwekwe kwenye hati ya kadhi. Hati ya kumwacha mtu huru ni karatasi nzuri: bwana fulani, akiwa na akili timamu, amemwacha huru mtumwa wake fulani kwa ajili ya Allah na kutaraji thawabu. Ni maneno ya kanuni, yaleyale kila hati. Anayezungumza humo ni bwana. Mtumwa ametajwa kwa neno moja. Lakini soma tarehe: ni baada ya ugonjwa? Ni siku chache kabla ya kufa? Angalia kama mwanamke ameandikwa pamoja na watoto au peke yake. Angalia mashahidi. Kisha, ukibahatika, umkute mtu huyohuyo miaka ishirini mbele katika daftari la mirathi, amekufa, ameacha miti kadhaa, kitanda na sufuria mbili, na mtoto wa bwana wake wa zamani amesimama mbele ya kadhi kudai urithi kwa haki ya walaa. Hapo maisha yameanza kuonekana. Aliishi, alipanda, alipika.

Wapo pia waliosema wenyewe. Rashid bin Hassani, Mbisa aliyetekwa akiwa mtoto na kufikishwa Unguja, alisimulia maisha yake uzeeni, yakachapishwa mwaka 1936 katika kitabu kilichohaririwa na Margery Perham. Tazama jina: ana baba.

Nije kwenye pingamizi. La kwanza husomwa kwa aya: ule ni umma uliokwisha pita, una uliyoyachuma, nasi hatutaulizwa waliyokuwa wakiyafanya. Na Mtume (s.a.w.) amekataza kuwatukana waliokufa. La pili ni sitara: anayemsitiri Mwislamu, Allah atamsitiri. La tatu husemwa kwa sauti ya chini zaidi: tutawapa silaha maadui wa dini, wasio na haja ya msaada wetu.

Hili la tatu nalimaliza upesi. Silaha hiyo wanayo tangu zamani, na inawafaa kwa sababu tumeiacha mikononi mwao peke yao. Surat An-Nisaa, aya ya 135, inatutaka tusimame na uadilifu na tutoe ushahidi kwa ajili ya Allah hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa zetu. Sijaona ndani yake sharti la kungoja maadui waondoke.

La sitara ni zito zaidi, nami nimelifikiri sana. Sitara ni ya dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake. Haki ya mtu haisitiriki. Aliyechukua mali ya mwenzake hafunikwi kwa hoja ya sitara, huambiwa arudishe. Na hapa kuna jambo ambalo hati zetu nzuri zinalificha kwa uzuri wake. Fiqhi yetu haikuruhusu kumtia mtu utumwani kwa njia yoyote ile. Asili ya mwanadamu ni uhuru, na mlango wa kuingia utumwani ulikuwa vita halali au kuzaliwa na mama mtumwa. Kuteka kijiji usiku, kumchukua mtoto kwa deni la mama yake, kumwiba mtu njiani, hayo ni haramu bila ya khilafu. Katika hadithi qudsi iliyomo ndani ya Sahih Bukhari, Allah anawataja watatu atakaokuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni mtu aliyemuuza mtu huru akala thamani yake.

Sasa rudi kwenye daftari la 1860, kwenye lile neno moja linalofuata jina: Mnyasa, Myao, Mngindo. Linatuambia alikotoka. Ni jihadi gani iliyopiganwa Nyasa, kwa amri ya imamu gani? Wengi wa watu hawa, kwa mizani ya sharia yetu wenyewe, walikuwa watu huru waliouzwa. Mnunuzi wa Unguja alikuwa na hati, na pengine alikuwa mcha Mungu na alimlisha mtumwa wake alichokula mwenyewe, lakini hati haimgeuzi mtu huru kuwa mali. Basi daftari lile ni ushahidi katika kesi ambayo haijafungwa, na Surat Al-Baqara, aya ya 283, inasema kwamba moyo wa mwenye kuuficha ushahidi una dhambi.

Hili linajibu na pingamizi la kwanza. Sitaki kumhukumu marehemu yeyote. Hesabu yake iko kwa Mola wake, na huenda alitubu kwa toba ambayo mimi siijui. Ninachosema ni kwamba aya ya umma uliopita inatuondolea mzigo wa matendo yao, haituondolei haki iliyoko mikononi mwetu leo. Karatasi zimo mikononi mwetu.

Na tusidanganyane kwamba mambo yamekwisha. Yamekwisha wapi, na posa bado zinavunjika? Nimeona kwetu kijana mwenye kuhifadhi Qur'ani, mwenye kazi na tabia, amekataliwa kwa maneno mawili: "asili yake". Hakuna aliyefafanua. Hakuna aliyehitaji kufafanua. Wazee wakitaka kuvisha jambo hili kanzu huleta mlango wa kafaa, na ni kweli kwamba katika vitabu vya madhehebu ya Shafi'i aliyeachwa huru hahesabiwi kuwa kufu ya mwanamke aliyezaliwa huru. Wasichokileta ni kwamba Imamu Malik hakuizingatia nasaba, na kwamba Mtume (s.a.w.) mwenyewe alimshauri Fatima bint Qays, mwanamke wa Kikureshi aliyeposwa na Muawiya na Abu Jahm, aolewe na Usama, mtoto wa Zayd yuleyule. Alisita, kisha akakubali, na akasema baadaye kwamba Allah alimtilia kheri katika ndoa hiyo.

Tazameni kimya hiki kinamlinda nani. Ambaye babu yake aliuzwa anainamisha kichwa, na ambaye babu yake alinunua anakitaja kwa fahari: tulikuwa na watu wetu, tulikuwa na mashamba. Aibu imekaa upande usio wake. Kama kuna wa kuona haya, hawezi kuwa mtoto aliyechukuliwa kwa deni la nafaka. Kuficha majina ya watumwa kwa hoja ya kuwasitiri wajukuu wao ni kukubali kwamba kutekwa ni doa la aliyetekwa, na hilo ndilo silikubali.

Hata hivyo sisemi kila kitu kisomwe kwenye kipaza sauti. Kuna tofauti kati ya kulitaja jina la Feruzi aliyeandikwa Unguja mwaka 1860 na kusimama msikitini kusema kwamba familia ya jirani yangu ni ya fulani bin fulani aliyenunuliwa Nyangwe. La kwanza ni kurudisha haki. La pili, katika mji ambao posa zinavunjika kwa maneno mawili, linaweza kuwa dhulma mpya kwa watu walio hai, hata kama kila neno ni kweli. Anayestahili kuamua lini na mbele ya nani habari hiyo isemwe ni mwenyewe mjukuu. Mimi kwa upande wangu nimeamua kusema Kasongo kwa kituo na kuuliza kinachofuata, lakini nimeamua kwa ajili ya nyumba yetu tu. Mwenzangu wa bweni, ambaye upande wa mama yake ni wa wenye mashamba, ananiambia kwamba hata wao wana haki ya kutosomewa hati zao hadharani. Tumebishana mpaka adhana ya alfajiri. Bado sijakubaliana naye, kwa sababu hati ile ina majina ya watu wawili, na yule wa pili hakuulizwa alipoandikwa.

Wiki chache zilizopita katika somo la mirathi tulifika kwenye orodha ya warithi wanaume kumi na wanawake saba. Wa mwisho katika kila orodha ni yule aliyemwacha mtu huru. Mwalimu alisema, "Huyu leo hayupo," akaendelea. Nikabaki hapo na kalamu yangu. Mlango ule unakwenda upande mmoja: aliyeacha huru humrithi aliyeachwa, aliyeachwa hamrithi aliyemwacha. Maana yake ni kwamba katika daftari za makadhi tutawakuta walioachwa huru pale hasa walipokufa bila ya warithi wao. Aliyepata watoto wakabaki hai, huenda hakufika mbele ya kadhi kabisa. Anayetafuta akumbuke hilo: daftari linawaonyesha zaidi waliokuwa wapweke.

Likizo inakaribia. Anayekwenda Ujiji, Kasongo, Rumonge au Mombasa anaweza kuuliza kilichomo ndani ya sanduku la bati lililo chini ya kitanda cha babu, na kama kuna hati ya Kiarabu isiyosomeka, tuna walimu hapa chuoni wa kutusaidia. Usiichukue, ipige picha kwa idhini. Andika jina kama lilivyoandikwa, tarehe ya Hijria kama ilivyo, mwandishi na mashahidi. Na kwenye nafasi ya baba, kama hayumo, usijaze "bin Abdallah" kwa heshima kama ilivyokuwa desturi ya waandishi wengi. Iache wazi, maana huenda daftari jingine, la mahakama nyingine, lina jina lake.